Kusafisha udongo wa kauri: njia ya maji au njia kavu?

Udongo uliochimbwa shimoni husafishwa kwa moja ya njia mbili. Unaweza kuuloweka uwe uji, ukauchuja, ukauacha utulie, kisha ukaukausha hadi ukandike. Au unaweza kuukausha kabisa, ukausaga, ukauchekecha na kuutia maji pale tu unapotaka kufinyanga. Karakana nyingi huchagua kwa kuangalia mfuko: wasio na maji ya kutosha husaga, wasio na mashine huloweka. Gharama ina uzito wake, lakini kuna jambo la kuamua kabla yake: ndani ya udongo huo mna nini, na je, hicho unachotaka kukitoa si ndicho kinachozuia chombo chako kisipasuke?

Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Udongo uliooshwa hadi ukawa laini kama siagi unavutia mkononi, lakini ukiutengenezea kauri ya jiko la mkaa utapasuka mapema kuliko ule wa shimoni uliokuwa na mchanga wake.

Kila njia inaondoa nini

| Kilichomo | Njia ya maji | Njia kavu |
|---|---|---|
| Mizizi, majani | Huelea au hunaswa na chujio | Husagwa, huungua tanurini na kuacha vitundu |
| Kokoto na mchanga | Hutuama chini, huachwa | Husagwa na kubaki kwenye udongo |
| Mawe ya chokaa | Huondoka yote yaliyo makubwa kuliko tundu la chujio | Hutegemea kabisa ukubwa wa tundu la kinu |
| Chumvi | Hupungua kila unapomwaga maji ya juu | Hubaki yote |
| Chembe za chuma | Sumaku huzinasa vizuri kwenye uji mwepesi | Sumaku hunasa kiasi, na kinu huongeza nyingine |
| Wekundu wa udongo wenyewe | Haubadiliki | Haubadiliki |

Mstari wa mwisho unahitaji kusisitizwa, maana watu hununua sumaku ghali wakidhani zitaufanya udongo mwekundu uwe mweupe. Sumaku hushika chembe zilizojitenga, hasa zile nyeusi zinazoacha madoa kwenye glezi, yaani mipako ya kioo inayopakwa juu ya chombo. Chuma kilichojipaka juu ya kila chembe ya udongo, au kilichomo ndani yake, hakivutwi kwa sumaku ya karakana. Viwanda vya kaolini, yaani udongo mweupe, hukipunguza kwa kemikali, kwa kawaida dithionaiti ya sodiamu ndani ya uji wenye asidi, na hiyo si kazi ya ndoo na pipa.

Chokaa

Hiki ndicho kipengele kinachotofautisha njia hizi mbili kuliko kingine chochote. Jiwe la chokaa likichomwa kupita nyuzi 850 hivi hugeuka chokaa hai. Chombo kinatoka tanurini kizima kabisa. Siku chache baadaye, wakati mwingine wiki kadhaa, chokaa hiyo imeshanyonya unyevu wa hewa, imevimba, na inarusha kipande cha ukuta wa chombo. Ukitazama shimo lililobaki utaona nukta nyeupe katikati.

Njia ya maji inalimaliza tatizo hili kwa chujio. Wavu wenye matundu ya mm 0.5 unatosha kwa vyungu na matofali, kwa sababu chembe zilizo ndogo kuliko hapo huwa hazina nguvu ya kupasua. Ukipika glezi nyembamba, shuka hadi meshi 80 (matundu 80 kwa kila inchi), yaani mm 0.18.

Njia kavu inaweza kulitibu au kulizidisha. Kinu cha nyundo chenye ungo wa mm 2 ndicho kibaya kuliko vyote: kinachukua jiwe moja ambalo jicho lingeliona na kuligawa kuwa mawe mia ya mm 1 hadi 2, kila moja na uwezo wake wa kupasua. Ama utoe mawe kwa mkono kabla ya kusaga, ama usage hadi yote yapite mm 0.5. Ukikwama katikati, ni afadhali usingesaga.

Kupima ni rahisi. Weka udongo mkavu kwenye kisosi, dondoshea asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa au siki kali. Ukitoa mapovu sehemu zote, chokaa ni unga uliosambaa na hauna madhara makubwa. Yakitoka mapovu sehemu mojamoja tu, kuna mawe. Thibitisha kwa kuchoma vibao kadhaa na kuviweka juu ya mvuke wa sufuria kwa saa chache. Kitakachopasuka kitapasuka hapo, kisingoje mteja.

Chumvi, na kosa la kukausha uji wote

Weupe unaotokea juu ya tofali au chungu baada ya kukauka ni chumvi, mara nyingi salfeti, iliyosafiri na maji kutoka ndani hadi usoni. Inaharibu sura na inazuia glezi isishike.

Kwa maji unaipunguza kwa njia moja tu: uji ukitulia, unamwaga maji yaliyo juu, unaongeza mengine, unakoroga, unasubiri tena. Kila mzunguko unaondoka na sehemu yake. Ukimimina uji mzima kwenye beseni na kuuacha jua liukaushe, chumvi yote inabaki na inakusanyika kwenye ngozi ya juu. Umefanya kazi ya kuosha bila kuosha chochote. Na ukiwa pwani, pima maji yenyewe kwanza: visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuosha nayo ni kuongeza shida. Maji ya mvua ya bati ni bora kuliko maji ya kisima cha namna hiyo.

Kwa njia kavu huna cha kumwaga, kwa hiyo watengeneza matofali huifunga salfeti kwa kaboneti ya bariamu, kati ya asilimia 0.2 na 1 ya udongo mkavu. Inafanya kazi, lakini ni sumu ikimezwa, haifai kabisa kwa vyombo vya chakula, na kwa kuwa inayeyuka taratibu inahitaji udongo ukae na unyevu siku kadhaa kabla ya kutengenezwa.

Njia ya maji, hatua kwa hatua

Kausha udongo hadi uwe mkavu kabisa. Hili linawashangaza wengi, maana unaenda kuulowesha. Lakini bonge lenye unyevu hukaa ndani ya maji wiki nzima likiwa bonge, na bonge kavu huporomoka lenyewe ndani ya saa. Ponda hadi vipande vya sm 2, mimina udongo kwenye maji (si maji kwenye udongo), uache usiku mzima bila kukoroga.

Kilo 1 ya udongo mkavu kwa lita 2 za maji hutoa uji ambao lita yake moja ina uzito wa kilo 1.25 hivi. Huo ndio wepesi mzuri wa kuchuja. Ukiwa mzito zaidi unaziba wavu. Ukiwa mwepesi zaidi unasubiri maji yasiyo na sababu. Pima kwa chupa ya lita na mizani badala ya kukisia kwa macho.

Baada ya kukoroga, acha uji utulie kidogo kabla ya kuumimina kwenye pipa la pili. Muda huo ndio unaoamua kipi kinabaki chini. Kwa kina cha sm 20 cha uji mwepesi sana ambao chembe zake hazijashikana, mchanga wa mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya mm) unafika chini kwa nusu dakika hivi, chembe za mikroni 20 kwa dakika 8, za mikroni 10 kwa nusu saa, na za mikroni 2, ambazo ndizo udongo wenyewe, kwa takriban saa 14. Uji wa kilo 1.25 kwa lita ni mzito kuliko huo, kwa hiyo kila kitu kinachelewa zaidi. Dakika moja inatosha kutoa mchanga mnene. Ukisubiri dakika kumi umetoa pia vumbi la mawe ambalo huenda ulilihitaji.

Kisha chujio: wa mm 1 au 2 kwanza, wa meshi 80 baadaye. Ukianza na meshi 80 moja kwa moja, mizizi na mchanga vitauziba na utamaliza siku ukigonga fremu. Sumaku ziwekwe kwenye mfereji mwembamba ambao uji unapita juu yake polepole, na zifutwe kila baada ya pipa.

Uji ukikataa kutulia, yaani maji ya juu yanabaki na rangi baada ya siku mbili, chembe zinasukumana. Siki kidogo au chumvi ya Epsom, gramu 1 hadi 2 kwa kilo ya udongo mkavu, ikiyeyushwa kwenye maji ya moto kwanza, huzikusanya. Chumvi ya Epsom ni salfeti ya magnesiamu, kwa hiyo usiitumie kama shida uliyokuwa unaikimbia ni weupe wa salfeti.

Kukausha ndiko kunakomaliza uvumilivu. Sahani za plasta (jasi) hufyonza maji haraka, lakini zikichakaa huacha vipande ndani ya udongo, na vipande vya plasta hupasua chombo kilichochomwa kama chokaa. Viroba vilivyoning'inizwa, au shuka lililotandikwa juu ya matofali makavu, ni salama zaidi. Kiangazi udongo unakuwa tayari kwa siku chache. Masika unaweza kukaa wiki kadhaa bila kushikika. Anayetegemea njia ya maji lazima awe na akiba ya udongo kabla mvua hazijaanza, au anunue mashine ya kukamua kwa vitambaa, ambayo hutoa mikate yenye maji asilimia 20 hadi 25.

Njia kavu, hatua kwa hatua

Tandaza udongo kwenye turubai au sakafu ya saruji, kamwe si juu ya ardhi tupu. Kinu cha nyundo kinataka udongo wenye maji chini ya asilimia 8 au hivyo. Ukiwa na zaidi unaganda kwenye ungo na kuchemsha mashine. Pima gramu 100, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka, upungufu wa gramu ndio asilimia yako. Bila oveni, shikiza bonge shavuni: likiwa baridi bado lina maji.

Ungo wa mm 1 unafaa kwa matofali na vigae vya paa, mradi umeshajua habari ya chokaa. Angalia nyundo za kinu kila wiki. Zikiwa zimelika, chuma kilichokosekana kimo ndani ya udongo wako.

Unga huo ukitiwa maji na kufinyangwa siku hiyohiyo utapasuka kingo, utaitwa udongo mbaya, na kosa si lake. Maji hayajafika ndani ya kila chembe. Changanya na maji asilimia 18 hadi 25, funika kwa nailoni, uache siku 3 hadi 7, ndipo ukande. Udongo wa njia ya maji hauna shida hii kwa sababu umeshalowa kwa muda mrefu, na kwa gurudumu la mfinyanzi tofauti hiyo inasikika vidoleni mara moja.

Halafu kuna vumbi, na hapa hatuna maneno ya kupamba. Karibu kila udongo una kwazi, madini magumu ya mchanga, ndani yake, na vumbi lake likivutwa kwa miaka huacha makovu kwenye mapafu yasiyopona. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo. Inahitajika barakoa ya daraja la FFP2 au N95, kinu kiwe nje au kiwe na kifyonza vumbi, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa. Ukijumlisha gharama hizo, njia kavu si rahisi kama inavyotangazwa.

Kuosha kunabadilisha udongo wenyewe

Tuseme shimo lako lina udongo wenye mchanga asilimia 40. Ukiuosha, kila kilo 100 zinakupa 60, na kinachobaki ni laini sana, kinanyonya maji mengi na kinasinyaa mno. Udongo uliokuwa ukisinyaa asilimia 6 ukikauka unaweza kupita 10, na hapo sahani zinapinda na vyungu vinapasuka chini. Utalazimika kurudisha kitu kigumu, kwa kawaida asilimia 15 hadi 25 ya chenga za vigae vilivyochomwa. Kurudisha chenga si upuuzi: chenga hazipitii mshtuko ule wa kwazi ya mchanga, ambayo kwenye nyuzi 573 huvimba ghafla kila chombo kinapopanda moto na kusinyaa ghafla kinaposhuka. Lakini ni kazi ya pili, na lazima uihesabu.

Kwa kauri ya jiko, mfano jiko lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 likiwa na bati nje na kauri ndani, kuosha hadi mwisho ni hasara tupu. Kauri hiyo inapashwa moto na kupoa kila siku. Inahitaji ukuta wenye vitundu na chenga ili ufa ukianza usimame njiani. Toa mawe, mizizi na chokaa, basi.

Upande wa pili ni mwamba kama ule wa vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ambako kaolini imejificha katikati ya punje za mchanga wa kwazi. Hapo njia kavu haina nafasi. Ukisaga, unapata unga mweupe wenye kwazi nyingi mno usiofinyangika. Kwa maji, mchanga unaachwa chini na kaolini inaondoka na uji. Hata hivyo kaolini safi peke yake haina unyumbufu wa kutosha kwa gurudumu. Itachanganywa na udongo mwingine unaonata.

Udongo mweusi wa mbuga hauponyeki kwa njia yoyote kati ya hizi. Ndani ya maji unavimba, unaziba chujio na hautulii. Ukausage, kisha uutumie kama kiungo: asilimia 5 hadi 10 hivi kwenye udongo usionata husaidia. Ukizidisha, kila kitu kitapasuka kikikauka. Nao mara nyingi una vijiwe vya chokaa.

Nani achague nini

Mtengeneza matofali: njia kavu, akiwa amejaribu chokaa na chumvi. Kuosha tani za udongo kwa bidhaa ya bei ya tofali hakulipi.

Anayemimina uji kwenye kalibu za plasta hana chaguo. Ni maji, meshi 100 au laini zaidi. Uji wa kumimina unataka lita yenye kilo 1.75 hadi 1.8, na hauwezi kuwa mzito hivyo na bado utiririke bila kulegezwa kwa silikati ya sodiamu au soda ya kiwandani (kaboneti ya sodiamu), jumla asilimia 0.2 hadi 0.5 ya udongo mkavu. Magadi ya sokoni yana soda ndani yake, lakini pia chumvi nyingine kwa kiasi kisichotabirika, kwa hiyo leo uji unalegea na kesho unaganda kwa kipimo kilekile. Chumvi za udongo nazo huiharibu dawa hii, sababu nyingine ya kumwaga maji ya juu kabla. Dawa ikizidi, uji unatulia chini mgumu kama saruji na chombo kinang'ang'ania kalibu.

Kiwanda cha vigae vya sakafu kina hesabu tofauti. Kwa njia ya maji, uji wenye udongo asilimia 65 hunyunyizwa kwenye mnara wa hewa ya moto hadi ubaki unga wenye maji asilimia 6 hivi. Ina maana kwa kila kilo 100 za udongo mkavu, kilo 47 za maji zinageuzwa mvuke kwa mafuta au gesi. Njia kavu inaikwepa gharama hiyo, lakini unga wake hautiririki vizuri kwenye kalibu ya kushindilia mpaka ufanywe chembechembe, na mchanganyiko wa malighafi nyingi hauwi sawasawa. Kwa vigae vyekundu vya udongo wa aina moja au mbili, kavu inatosha. Kwa vigae vyeupe vyenye feldspa (madini yanayoyeyuka tanurini), kaolini na kwazi, maji.

Kwa karakana ya vyungu, vikombe na kauri za majiko, pendekezo letu ni njia ya tatu ambayo haitajwi sana: loweka, koroga, pitisha kwenye wavu wa mm 1 au 0.5, na usisubiri kitu chochote kitulie kabla ya kuchuja. Mawe, mizizi na chokaa kubwa vinaondoka. Mchanga mwembamba unabaki na udongo wake. Maji ni machache, lita 1 hadi 1.5 kwa kilo, na unakwepa vumbi. Ukitaka sura laini, osha kikamilifu ndoo moja tu na uipake juu ya vyombo vikiwa bado vibichi.

Kabla ya kununua kinu au mapipa

Chupa ya maji iliyo wazi inakupa picha ya kwanza. Jaza theluthi moja udongo uliopondwa, ongeza maji na soda ya kiwandani kidogo, tikisa dakika tano, weka mezani. Baada ya dakika moja weka alama: hapo chini ni mchanga. Baada ya saa mbili alama ya pili: kilichoongezeka ni vumbi la mawe. Kinachoelea bado ni udongo.

Kisha tengeneza vibao vya aina tatu, vitano kwa kila aina: udongo wa shimoni uliotolewa mawe tu, uliosagwa, na uliooshwa. Chora mstari wa sm 10 juu ya kila kibao kikiwa kibichi. Kila mm iliyopungua ni asilimia 1 ya kusinyaa. Pima kikikauka, pima tena kikichomwa. Weka viwili kati ya kila vitano kwenye mvuke, viwili uvizamishe maji saa 24 na kulinganisha uzito kabla na baada, kimoja kitie kwenye mkaa unaowaka kisha ukitoe kipoe, mara kadhaa. Kama vibao vya shimoni vimesinyaa chini ya asilimia 8, havikupasuka kwa mvuke na havina weupe usoni, wavu mmoja na mapipa mawili vinakutosha.